Nukta ya Msikiti Niliyoifuta

Mkasa huu nimeusimulia mara moja tu kabla ya leo, na niliyemsimulia ni dada yangu, tena kwa kuruka sehemu zinazoniumbua, kwa hivyo mkiniona nasitasita mahali mjue hapo ndipo nilipokuwa nikiruka. Leo sitaruka. Aibu za kazini nimezionja nyingi (nimewahi kumwita mgeni wa heshima kwa jina la hasimu wake, na nimewahi kuporomoka ngazi za ofisi na trei ya chai mkononi), lakini hizo ni aibu za kuchekwa siku mbili zikaisha. Hii ya Bwejuu haijaisha, na sidhani kama itaisha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikifanya kazi katika ofisi moja ya ramani, ghorofa ya pili ya nyumba ya kizamani Mji Mkongwe, ile yenye kuta nene kiasi kwamba unaweza kukaa kitako dirishani ukanywa chai. Ofisi nzima tulikuwa na kompyuta moja ya kuchorea ramani, na mtu mmoja tu aliyepelekwa Dar es Salaam wiki sita kujifunza kuitumia, na mtu huyo ni mimi, Rahma. Sijisifu, nataka muelewe tu kwamba chumba kile hakikuwa na mtu wa kunisahihisha. Wachoraji wa zamani, waliokuwa wakichora kwa wino na rula tangu mimi niko skuli, walikuwa wanakuja kusimama nyuma ya kiti changu kama watu wanaotazama karata, na mimi (Mungu anisamehe) nilikuwa napenda wakisimama.

Halafu mimi ni mtu wa mpango. Kalamu zangu hulala mezani kwa urefu, ndefu kwa ndefu mwenzake, na daftari langu la kazi halina neno lililokatwakatwa. Kitu kilichozagaa hunikosesha raha. Watu husema hiyo ni sifa njema, na mimi nilikuwa nikiamini hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Palikuwa na mradi wa maji uliotaka kulaza bomba kutoka kisima kilichoko maweni, nyuma ya kijiji cha Bwejuu, mpaka kwenye matangi karibu na skuli, na ofisi yetu ikapewa kutengeneza ramani itakayoonyesha nyumba, msikiti, visima, na zaidi ya yote makaburi, ili bomba lisije likapita juu ya watu waliolala. Ardhi ya kule ni mawe matupu na vichaka, na makaburi ya wenyeji hayajajengewa. Kila moja lina mawe mawili tu ya matumbawe, moja kichwani na moja miguuni, kwa hivyo mtu asiyejua anaweza kutembea juu yake akidhani ni mawe kama mawe mengine. Ndiyo maana ikatakiwa kila kaburi lichukuliwe kwa GPS, kile kidude cha mkononi kinachosoma satelaiti na kukuambia umesimama wapi duniani.

Nilikwenda na gari ya ofisi, na sheha wa kijiji akanikabidhi kwa Mzee Vuai, fundi baiskeli, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi nyuma ya kichwa, ambaye ndiye aliyekuwa anayajua makaburi yote kwa majina. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba huku anakitazama kidude.

"Na nani ataingia nacho ndani?" akauliza.

"Mimi, babu. Ndiyo kazi yangu."

"Mwanamke haingii makaburini kwetu. Nipe mimi. Wewe kaa hapo chini ya ule mti wa mkungu, uandike."

Sikubishana naye. Nikamfundisha kukishika, asimame juu ya kila kaburi, asubiri, abonyeze kitufe cha kuhifadhi, kisha anisomee namba na jina la marehemu. Akavua viatu, akawatolea salamu waliolala, akaingia.

"Kimya," akanipigia kelele kutoka kwenye kaburi la kwanza. "Kinatafuta nini hiki?"

"Kinatafuta satelaiti, babu."

"Basi kiambie kifanye haraka. Hawa huku chini hawana haraka, lakini mimi nna baiskeli ya mtu haina gurudumu."

Tulikwenda hivyo mpaka adhuhuri, yeye anasoma tarakimu moja moja kwa sauti kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani, mimi naandika. Makaburi arubaini na matatu. Kwa kila mmoja mzee alinipa jina na neno moja la ziada, huyu alikuwa mkali, huyu alikufa kwa nyoka, huyu alinikopa pampu ya baiskeli akaenda nayo. Alipofika kwenye la thelathini na moja akaacha kusoma, nikadhani kidude kimepoteza satelaiti tena.

"Huyu ni Mwanakombo," akasema. "Mke wangu."

Nikaandika. Nikamuuliza (kwa sababu nina tabia ya kuuliza) mbona hakuandika jina kwenye jiwe, akaniambia mawe yale mawili aliyachukua pwani mwenyewe na kuyabeba kwa baiskeli, na kila Ijumaa akitoka msikitini huja kumsomea. "Amjuaye ni mimi," akasema. "Nimwandikie nani?"

Kabla sijaondoka nikachukua pia nukta za visima, nukta ya skuli na nukta ya msikiti, kwa utaratibu wangu.

Sasa nawaleta ofisini. Waya wa kuunganishia kidude na kompyuta haukuwapo, kwa hivyo nilizichapa namba zote mwenyewe, mstari kwa mstari, nikazihakiki mara mbili (na niwaambie mapema, hakukuwa na kosa hata la tarakimu moja). Nikafungua programu ya ramani. Ndani yake tulikuwa tumeshaiweka ramani ya zamani ya kijiji, iliyochorwa na wapimaji wa miaka mingi nyuma, na kazi yangu ilikuwa kuziingiza nukta zangu juu yake. Nikabonyeza kuingiza, na programu, kama kawaida yake, ikafungua dirisha dogo ikaniuliza swali: nukta hizi zimepimwa kwa mfumo gani?

Swali lile si la mapambo. Mwalimu wetu Dar alitueleza vizuri, na katika daftari langu nililipigia mstari: wapimaji wa zamani walianza kuhesabu dunia mahali pamoja, na satelaiti zinaanza kuhesabu mahali pengine, kwa hivyo namba ile ile inaweza kumaanisha sehemu mbili tofauti, na kwa huku kwetu tofauti yake ni zaidi ya mita mia tatu. Ukiwa na namba za satelaiti lazima uiambie programu kwamba ni za satelaiti. Usipoiambia, itadhani ni za ramani ya zamani, itazipanga zote bila ya kulalamika.

Siku hiyo umeme ulikuwa unakatika na kurudi, betri ya akiba inapiga kelele chini ya meza, na mkubwa wangu, Bwana Shaaban, amesimama mlangoni na kanzu yake ya Ijumaa.

"Rahma, wale watu wa mradi wanaitaka ramani kabla ya sala."

"Naam, nimeshamaliza."

Na lile dirisha dogo lilikuwa bado wazi mbele yangu. Ndani ya kisanduku cha mfumo palikuwa pameshaandikwa kitu, mfumo wa ramani ya zamani. Nikasema moyoni hicho ndicho kilichokuwapo siku zote, na kama kina tatizo programu ingesema. Nikabonyeza sawa.

Nukta zikamwagika kwenye skrini kama punje za mtama, na wale wachoraji wa zamani wakasema "Mashaallah!" nyuma ya kiti changu. Zilipendeza kweli. Ila kitu kimoja kilikuwa hakijakaa sawa, na hapa ndipo nilipokuwa nikiruka kwa dada yangu. Msikiti. Ramani ya zamani ilikuwa na msikiti umechorwa mahali pake, na nukta yangu ya msikiti ilikuwa imekaa pengine, mbali, kusini, karibu na pwani. Katika kijiji chenye msikiti mmoja mimi nilikuwa na miwili. Nikaitazama. Nikasema wapimaji wa kale walichora kwa mkono, labda walikosea, labda mzee alibonyeza mahali sipo (nilimsingizia mzee, ingawa ile nukta nilikuwa nimeichukua mimi mwenyewe!), labda hivi labda vile, na saa inakwenda, na Bwana Shaaban anatikisa funguo, na ile misikiti miwili inanichafulia ramani yangu. Nikaishika nukta ya msikiti, nikaifuta.

Visima na skuli navyo vilikuwa na mapacha wao kule kusini. Nikavifuta pia, ili kazi iwe safi. Yakabaki makaburi peke yake, ambayo kwenye ramani ya zamani hayakuwapo na kwa hivyo hayakuwa na cha kugombana nacho. Nikayapaka rangi ya kijani, nikachapisha, Bwana Shaaban akatia saini, akaenda nayo. Alirudi baada ya sala uso unang'aa, akasema wale watu hawajapata kuona ramani nadhifu kama ile.

Wakachora njia ya bomba juu yake. Wakaipitisha mbali kabisa na zile nukta za kijani, mita mia tatu juu yake, mahali ambapo ramani yangu ilionyesha vichaka vitupu. Kisha fundi wao akaenda kijijini na utepe wake, akapima kutoka kwenye kona ya skuli kama ramani ilivyosema, akapiga vigingi vyekundu. Fundi yule hakukosea hata hatua moja. Nashikilia kusema hivyo kwa sababu baadaye kuna waliotaka kumtupia yeye lawama.

Wiki iliyofuata sheha alikuja mjini kwa shughuli zake akapita ofisini. Akakaa, akafuta jasho, akasema kwa adabu, "Bi Rahma, Mzee Vuai ananisumbua. Anasema vigingi vimeingia makaburini."

Ningeweza kusema ngoja, nitakuja kutazama, Bwejuu si ng'ambo ya bahari. Badala yake nikamgeuzia skrini.

"Sheha, tazama mwenyewe. Makaburi ni haya ya kijani. Bomba ni huu mstari. Kuna umbali wa kiwanja cha mpira mara tatu."

Akasogeza uso karibu. "Na huu ndio msikiti wetu?"

"Ndiyo."

"Mbona makaburi nayaona yamekuwa chini sana? Kama yanakwenda pwani."

"Satelaiti haikosei, sheha," nikamwambia, na wachoraji wakacheka kidogo, wakimcheka yeye, na mimi nikawaacha wacheke. "Ramani imeshathibitisha. Mwambie Mzee Vuai atulie."

Sheha akaitikia kwa kichwa. Atasema nini mtu kama yule mbele ya mashine inayowaka? Akanishukuru, akaondoka.

Siku ya kuanza kazi ilikuwa Alkhamisi asubuhi. Wakatundika turubai karibu na skuli, viti vya plastiki, wageni wa mradi na viatu vyao vyeusi, na katapila limesimama pembeni linatoa moshi. Bwana Shaaban akatoa hotuba, akanisimamisha, akasema huyu ndiye binti yetu aliyewahesabu wazee wenu mmoja mmoja kwa satelaiti, watu wakapiga makofi. Mzee Vuai hakupiga. Makofi yalipokwisha akasimama, kofia mkononi.

"Mimi nina neno moja tu," akasema. "Vile vigingi vimepita juu ya Mwanakombo."

Bwana Shaaban akacheka kwa upole, kama unavyomchekea mtu mzima aliyepotewa na jambo, akanigeukia. "Rahma, chukua ramani ukamwonyeshe mzee makaburi yako wapi, roho yake itulie. Sisi tuanze."

Na mimi, badala ya kumfuata mzee anionyeshe vigingi, nikasema, "Nifuateni."

Wakanifuata. Sheha, Mzee Vuai, Bwana Shaaban mwenyewe, wageni wanne, na nusu ya kijiji. Nilianzia mlangoni mwa msikiti, kwa sababu kwenye ramani msikiti ulikuwapo (ule wa zamani, niliouacha), nikapima kwa rula, nikageuza kuwa hatua, nikaanza kuhesabu kwa sauti kuelekea kusini. Tukapita nyuma ya nyumba, tukapita kwenye minazi. Nilipofika hatua mia mbili na hamsini mchanga ukaanza kuwa laini. Nilijua. Nawaapia, miguu yangu ilijua kabla ya kichwa, lakini watu wote wale walikuwa nyuma yangu na mimi nahesabu kwa sauti, na mtu anayehesabu kwa sauti hasimami katikati. Ikabidi nikunje kushoto, kuelekea majini, kama ramani ilivyotaka. Nikamaliza hesabu yangu nimesimama kwenye mchanga mbichi, kwenye mashamba ya mwani, maji yamenifika vifundoni na buibui limerowa, kamba na vijiti vya wanawake vimenizunguka pande zote.

Wanawake waliokuwa wanavuna wakainua vichwa. Mmoja, Bi Mize, mkubwa wao, akasimama na fungu la mwani kifuani.

"Mwatafuta nini, jamani?"

Wote wakanitazama mimi. Nikafungua ramani, nikasema, kwa sauti ambayo hata sijui ilitoka wapi, "Kwa mujibu wa ramani, makaburi yako hapa."

Bi Mize akaangalia chini, akaangalia kulia na kushoto.

"Hapa? Kaburi la nani, mwanangu? La pweza?"

Kicheko kilianza kwa wanawake kikapanda mpaka kwa watu niliowaleta, hata mgeni mmoja wa mradi akageuza uso. Mwingine akapiga kelele kutoka kwenye kamba zake, "Basi mimi navuna babu zangu miaka yote na sijui!" Bwana Shaaban hakucheka. Wala Mzee Vuai. Yeye alikuwa haniangalii hata mimi, amegeuka nyuma, anasikiliza.

Ndipo na mimi nikasikia. Katapila lilikuwa limeanza. "Sisi tuanze," Bwana Shaaban alikuwa ameshasema, na dereva alikuwa amesikia.

Kidude kilikuwa mkobani mwangu. Nikakitoa, nikatafuta nukta ya thelathini na moja ambayo mzee mwenyewe aliihifadhi, nikakiambia kinipeleke. Mshale ukageuka taratibu ukanielekeza nilikotoka, kaskazini, na chini yake pameandikwa mita mia tatu na ushei. Kikanijia mbele ya macho kile kisanduku na kile kitufe cha sawa, na ile misikiti miwili. Nukta hazikuwa na kosa lolote, tangu siku ya kwanza. Nikaanza kukimbia, buibui limenibana miguu, nikaanguka mara moja kwenye kamba za mwani, nikainuka, na Mzee Vuai (mtu wa miaka sabini) alikuwa ameshanipita.

Dereva alizima mashine alipomwona mzee amesimama mbele yake na mikono juu. Halikuwa limechimba bado, hilo namshukuru Mungu, lilikuwa linasafisha tu njia, linakwangua vichaka na mawe. Lakini lilikuwa limeshapita karibu nusu ya makaburi, na mawe yote, ya kichwani na ya miguuni, ya waliokufa kwa nyoka na ya waliokopa pampu, yamesukumwa yakawa rundo moja kubwa kandoni, na nyuma yake ardhi ni nyeupe na sawa kama sakafu.

Mzee Vuai hakupiga kelele, na mimi nilikuwa nazingojea hizo kelele kwa hamu. Alikaa pale kwenye ule weupe akitazama, kisha akanyoosha mkono kwangu bila ya kugeuka.

"Lete kidude chako."

Nikampa, nikarudi nikasimama kando. Watu wote walikuwa wameshafika, wageni na viatu vyao vyenye mchanga, wanawake wa mwani na kanga zilizorowa, na hakuna aliyekuwa anacheka tena. Mzee akavua viatu. Nikamwambia nimeshakielekeza kwenye kaburi la Mwanakombo, atazame namba ya mita, ikishuka anakaribia.

"Mita kumi na saba," akasoma.

"Nenda mbele, babu."

"Kumi na moja. Saba. Nne." Akasimama. "Ni hapa?"

"Ngoja kidogo."

"Mita tisa," akasema. "Sijasogea."

Akasogea. Kikasema tatu, kikasema nane, kikasema tano. Akaenda upande wa pili, akapata mbili, akangoja, zikawa kumi. Vidude vile vya mkononi havikuwa na uwezo zaidi ya huo, na mimi nilikuwa naujua vizuri: vinakufikisha mahali, halafu vinayumba hatua kumi huku na kumi kule, na katika hatua kumi pale walikuwa wamelala watu kumi na zaidi. Alizunguka hivyo muda mrefu, mtu mfupi peke yake katika ule weupe, anasoma tarakimu kwa sauti ile ile aliyozisoma siku ya kwanza.

Mwisho akasimama. "Rahma," akaniita, na hakuwahi kuniita jina langu kabla ya hapo. "Ni hapa, au pale?"

Bwana Shaaban alikuwa amesogea nyuma yangu. Akaninong'oneza, "Mwambie ni hapo hapo. Mpumzishe mzee."

Na sikufichini, nilitaka. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Angeweka jiwe, angesoma, angekwenda nyumbani, na hakuna mtu duniani angejua.

"Sijui, babu," nikasema.

"Hujui?"

"Sijui. Hiki kinajua makaburi yako wapi. Kaburi moja hakilijui."

Akanitazama kwa juu ya miwani yake. "Na siku ile ulipomwambia sheha kwamba unajua?"

"Siku ile pia nilikuwa sijui."

Nilisema hivyo mbele ya mkubwa wangu, na sheha, na wale wageni, na Bi Mize aliyeshika kiuno. Mzee alikitia kidude mkononi mwangu, akaenda kwenye lile rundo, akaanza kugeuza jiwe moja moja. Sheha akamfuata, wakafuata na wanaume wengine, kila mmoja anatafuta ya kwake. Ya Mzee Vuai hayakupatikana. Aliliinua moja akalishika muda, akalipangusa kwa ncha ya shuka, akalirudisha.

Nilirudi ofisini jioni hiyo hiyo. Nikafungua programu, nikaziingiza nukta upya kutoka kwenye faili lile lile, nikabadilisha neno moja ndani ya kisanduku. Zote zikaruka zikakaa mahali pake, makaburi yakakaa nyuma ya kijiji, msikiti ukakaa juu ya msikiti. Haikuchukua hata dakika moja. Nikakaa nikaitazama mpaka mlinzi akaja kufunga.

Njia ya bomba ilihamishwa, na maji yanatoka. Bwana Shaaban aliandika barua ya kuomba radhi kwa kijiji, nami nilihamishwa kwenye chumba cha majalada kwa muda, ambako hakuna anayesimama nyuma ya kiti chako. Sheha alinieleza baadaye kwamba Mzee Vuai bado anakwenda kila Ijumaa. Hutembea taratibu mahali pote pale peupe huku anasoma, kwa sababu hataki kumkosa.

Tangu siku ile nimeapa, na kiapo changu nakishika: sitii mkono wangu kwenye ramani ya mahali mpaka kwanza nimekwenda nayo kwa miguu pamoja na mwenyeji, na nikiulizwa nisilolijua, na muulizaji awe sheha, awe mkubwa wangu, au liwe dirisha dogo la kompyuta, nitasema sijui siku hiyo hiyo, wakati bado ni neno jepesi.